Siku tano za Mei 2010: Waingereza walikasirika, ila walimkasirikia nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu hapa Morogoro tulibishana hadi muuza kahawa akafunga. Jamaa mmoja anashikilia kwamba Waingereza ni wastaarabu, wakishindwa kwenye kura wanapeana mikono na kurudi nyumbani. Mfano wake ni uchaguzi wa 2010: hakuna chama kilichopata wabunge wa kutosha, waziri mkuu aliyepitwa akabaki ofisini siku tano, na hakuna hata duka lililofungwa kwa hofu. Mimi nikasema haiwezekani nchi nzima isikasirike. Nani yuko sahihi? Na mbona hakuna aliyekwenda mahakamani kupinga matokeo? La mwisho: dada yangu ni muuguzi Leicester, anasema na yeye anaruhusiwa kupiga kura huko akiwa na pasipoti ya Tanzania. Ananitania?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Katika ubishi huo wewe uko karibu zaidi na ukweli, ingawa mwenzako naye kuna kitu amekiona. Watu walikasirika, tena hadharani. Ila karibu hakuna aliyesema kura zimeibwa. Hapo ndipo mwenzako anaona ustaarabu. Mimi naona zaidi namna kura zao zinavyohesabiwa na kutangazwa, kwa sababu Waingereza haohao, miezi sita baadaye, walivunja vioo vya jengo lenye makao makuu ya chama tawala. Nitafika huko.

Kwanza matokeo yenyewe. Uchaguzi ulifanyika Alhamisi, tarehe 6 Mei 2010. Bunge lilikuwa na viti 650, kwa hiyo chama kinachotaka kutawala peke yake kilihitaji 326. Chama cha Wahafidhina cha David Cameron kilipata 306 (cha 307 kilikuja mwishoni mwa mwezi, katika jimbo ambalo uchaguzi uliahirishwa kwa sababu mgombea mmoja alifariki). Labour ya Gordon Brown, iliyokuwa madarakani tangu 1997, ilipata 258. Liberal Democrat ya Nick Clegg ikaambulia 57. Kwa kura, Wahafidhina walipata asilimia 36, Labour 29, na Liberal Democrat 23.

Hiyo 23 iangalie vizuri. Karibu robo ya wapiga kura walimchagua Clegg, akapewa chini ya sehemu moja ya kumi ya viti. Tena kura zake ziliongezeka kwa karibu 850,000 kuliko uchaguzi wa 2005, na bado akapoteza viti vitano. Huko, kama kwetu kwenye ubunge, anayeongoza jimboni anachukua kiti hata kwa kura moja, na kura za waliobaki haziendi popote. Mtu akikuuliza Waingereza wana sababu gani ya kulalamikia uchaguzi, mwonyeshe namba hizo.

Lakini wa kwanza kukasirika hawakusubiri hata matokeo. Ilipokaribia saa nne usiku, muda wa kufunga vituo, kulikuwa na foleni ndefu nje ya vituo kadhaa vya Sheffield, Manchester, Newcastle na baadhi ya maeneo ya London. Sheria ya wakati ule ilikataza kutoa karatasi ya kura baada ya saa nne, hata kwa mtu aliyesimama kwenye foleni tangu jioni. Saa ikafika, milango ikafungwa mbele ya macho yao. Huko Hackney, London, watu waligoma kuondoka. Kwingine polisi waliitwa. Liverpool kuna vituo vilivyoishiwa karatasi za kura. Sheffield Hallam, moja ya sehemu zilizokuwa na hali mbaya zaidi, lilikuwa jimbo la Clegg mwenyewe. Tume ya Uchaguzi ilipochunguza ikakuta watu wasiopungua 1,200 waliathirika, katika vituo 27.

Kwa nchi iliyozoea kutuma waangalizi kwetu, ilikuwa aibu. Na mwaka huo walikuwepo waangalizi kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwemo. Wao walishangazwa pia na jambo ambalo wenyeji walikuwa hawalioni kabisa: mpiga kura anaingia kituoni, anataja jina na anwani yake, anapewa karatasi bila kuonyesha kitambulisho chochote. Ireland ya Kaskazini peke yake ndiyo iliyodai kitambulisho wakati huo. Hayo ya foleni yalirekebishwa kwa sheria ya 2013, inayomruhusu aliyekwisha kusimama foleni saa nne apige kura yake. Hayo ya kitambulisho yalisubiri muda mrefu zaidi, nitayarudia nikimfikia dada yako.

Ijumaa asubuhi hasira ikahamia kwa Brown. Alipitwa kwa kura zaidi ya milioni mbili, na bado alilala Downing Street, kwenye makazi ya waziri mkuu. Gazeti la The Sun, lililokuwa upande wa Cameron, lilimchora Jumamosi kama mtu aliyejibanza kwenye nyumba isiyo yake na kukataa kutoka. Wasomaji wengi walikubaliana nalo, na mpaka leo utasikia watu wakisema Brown alikatalia ofisini.

Hilo si kweli. Waingereza hawamchagui waziri mkuu. Wanachagua wabunge, na waziri mkuu ni yule ambaye wabunge wengi wako tayari kumuunga mkono. Matokeo yanapokuwa hayajaonyesha ni nani, aliyepo anatakiwa kubaki hadi ijulikane, ili nchi isikae bila serikali. Katibu wa Baraza la Mawaziri, Gus O'Donnell, alikuwa ameshaona mapema kwamba jambo hili lingeweza kutokea, akatoa utaratibu huo kwa maandishi mwezi Februari, miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Na haukuwa utaratibu mpya. Februari 1974 Edward Heath, Mhafidhina, alipata kura nyingi kuliko Labour lakini viti vichache, 297 kwa 301, akabaki ofisini mwisho wa wiki nzima akijaribu kuwavuta Waliberali. Waliberali wakakataa, akajiuzulu Jumatatu. Kwa hiyo waliomshambulia Brown wangemtetea Heath, na kinyume chake. Mashabiki wa siasa ni walewale kila mahali.

Malkia Elizabeth alikaa mbali na mazungumzo yote, na ndivyo ilivyotakiwa.

Jumamosi, tarehe 8 Mei, wabunge wa Liberal Democrat walikutana Smith Square, mwendo mfupi kutoka bungeni, kuamua waende na nani. Nje wakakusanyika watu wapatao elfu moja, wengi wamevaa zambarau, wakidai mfumo wa kura ubadilishwe. Hawakudai kura zihesabiwe upya, wala hawakumwita mtu mwizi. Kilio chao kilikuwa kwamba kura zimehesabiwa sawasawa na bado matokeo si ya haki. Clegg akatoka nje, akazungumza nao na kupokea maombi yao. Kisha chama chake kikaendelea na mazungumzo na Wahafidhina, chama ambacho hakikutaka kabisa kubadilisha mfumo huo. Waliokuwa pale nje hawakulisahau.

Kilele cha joto kilikuwa Jumatatu. Brown alitangaza kwamba ataachia uongozi wa chama ili kuwarahisishia Labour na Liberal Democrat kuzungumza. Wahafidhina wakaona ushindi unawaponyoka. Jioni hiyo, kwenye Sky News, mwandishi wa siasa Adam Boulton na Alastair Campbell, aliyekuwa msemaji wa Tony Blair, waziri mkuu wa Labour kabla ya Brown, walifarakana moja kwa moja hewani. Campbell alidai kwamba Boulton ameudhika kwa sababu Cameron si waziri mkuu. Boulton akapandisha sauti, akamnyooshea kidole, akamwambia asimsemee mawazo yake, na mtangazaji mwenzao akakaa katikati akijaribu kuwatuliza. Mwonyeshe jamaa yako ile video, halafu mrudi kwenye mada ya ustaarabu.

Hesabu ndiyo iliyoamua. Labour na Liberal Democrat kwa pamoja ni 315, hawafiki 326. Wangelazimika kuviomba vyama vidogo vya Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Wazee wa Labour kama David Blunkett na John Reid wakasema wazi kwamba mpango huo haufai, chama kimeshindwa kikubali. Jumanne jioni, tarehe 11 Mei, Brown alitoka nje ya mlango wa Namba 10, akajiuzulu, kisha akaondoka akiwa ameshikana mikono na mkewe na wanawe wawili wadogo. Usiku huohuo Cameron, mwenye miaka 43, akawa waziri mkuu wa serikali ya mseto na Liberal Democrat, ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili.

Sasa tuje kwenye swali lako lenye uzito: mbona hakuna aliyesema ameibiwa?

Tofauti na kwetu, kura hazihesabiwi kituoni. Masanduku yote ya jimbo yanapelekwa kwenye ukumbi mmoja, mara nyingi ukumbi wa michezo. Makarani wanakaa upande mmoja wa meza ndefu, mawakala wa vyama wanasimama upande wa pili, wanaona kila karatasi ila hawaruhusiwi kugusa. Kwanza zinahesabiwa karatasi zilizomo kwenye kila sanduku, zilinganishwe na idadi iliyotolewa kituoni. Ndipo zinagawanywa kwa mgombea. Karatasi yenye utata, mtu amechora kikatuni au ameandika tusi pembeni ya jina, inawekwa kando, na msimamizi wa uchaguzi anaiamua mbele ya mawakala. Kabla ya kutangaza, msimamizi anawaonyesha wagombea namba. Anayetaka zihesabiwe tena anaomba hapohapo.

Kisha wote wanapanda jukwaani. Aliyeshinda, aliyeshindwa, na mara nyingine mtu wa chama cha Official Monster Raving Loony aliyevaa kofia ya ajabu, kwa sababu chama cha vichekesho nacho kimesajiliwa. Msimamizi anasoma jina moja baada ya jingine na kura zake. Usiku ule Jacqui Smith, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani, alisimama hivyo mbele ya kamera akisikiliza namba zinazomwondoa bungeni. Mshindi anahutubia, na aliyeshindwa kwa kawaida naye anapata nafasi ya kusema, namba za jimbo lake zikiwa zimeshasikika nchi nzima.

Baada ya hapo, kwa ngazi ya taifa, hakuna kinachofuata. Tume ya Uchaguzi haitangazi mshindi wa nchi. Hakuna mwenyekiti anayesubiriwa na nchi nzima, wala fomu moja ya mwisho ya kusainiwa. Jimbo la Houghton and Sunderland South lilitangaza la kwanza, saa nne na dakika 52 usiku, hata saa moja haijapita tangu vituo vifungwe. Yaliyobaki yakafuata moja moja hadi siku ya pili, na televisheni zikawa zinajumlisha. Tena saa nne kamili zilishatangaza makadirio, kutokana na maelfu ya watu waliohojiwa walipotoka vituoni: Wahafidhina 307, Labour 255, Liberal Democrat 59. Karibu kabisa na ilivyokuwa. Mtu alikwenda kulala akiwa anajua sura ya matokeo kutoka chanzo kisicho cha serikali.

Linganisha na Nairobi, tarehe 30 Desemba 2007. Nchi nzima ilikuwa inasubiri namba moja itoke kwenye kinywa cha mtu mmoja, pale kwenye jengo la mikutano la KICC. Matokeo ya baadhi ya majimbo yalichelewa, uongozi ulioonekana mwanzoni ukageuka, na jioni ileile mshindi akaapishwa Ikulu. Mapatano ya serikali ya mseto, waliyoiita ya nusu mkate, yalikuja Februari 2008 kwa usuluhishi wa Kofi Annan, baada ya zaidi ya watu elfu moja kufa. Sisemi Waingereza hawawezi kuiba kura. Nasema mwenye nia hiyo angelazimika kuiba kidogokidogo kwenye kumbi nyingi tofauti, mbele ya mawakala wa kila chama, bila hata kujua ni jimbo gani litaamua. Palipo na namba moja tu ya kugombania, hata Mwingereza angeigombania, na hapa najua wenzangu wengine wa taaluma hii watanibishia kwamba imani na mazoea ya karne nyingi yana uzito kuliko ninavyoyapa.

Kuhusu mahakama: walikwenda. Ila kesi ni ya jimbo, kwa sababu kisheria hakuna uchaguzi wa taifa wa kupinga. Kwetu Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyetangazwa na Tume. Kwao waziri mkuu hashitakiwi kwa matokeo kwa kuwa hakuchaguliwa kwa kura hiyo. Unafika karibu na palepale kwa njia tofauti kabisa.

Kesi mbili za mwaka ule ni za kukumbukwa. Fermanagh and South Tyrone, Ireland ya Kaskazini, Michelle Gildernew wa Sinn Féin alishinda kwa kura 21,304 dhidi ya 21,300. Kura nne! Walihesabu na kurudia, mpinzani akafungua shauri, mahakama ikalisikiliza na kulitupa. Ya pili ni Oldham East and Saddleworth, karibu na Manchester. Phil Woolas wa Labour alishinda kwa kura 103. Mpinzani wake wa Liberal Democrat akaenda mahakamani, hoja yake si hesabu, ni vipeperushi vya kampeni vilivyomsingizia. Novemba 2010 mahakama ilikubaliana naye, ikafuta uchaguzi na kumfungia Woolas asigombee kwa miaka mitatu. Mbunge kuvuliwa kiti kwa kosa la aina hiyo kulikuwa hakujatokea kwa karibu miaka mia moja. Uchaguzi uliporudiwa Januari 2011, Labour ilikichukua kiti tena, kwa mgombea mwingine.

Sasa ile hasira iliyochelewa. Kabla ya uchaguzi, wagombea wa Liberal Democrat walikuwa wamesaini ahadi ya kupinga ongezeko la ada za vyuo vikuu. Wanafunzi waliwapa kura, na baadhi ndio haohao waliofungiwa milango Sheffield. Serikali ya mseto ilipokuja na mpango wa kupandisha kiwango cha juu cha ada kutoka pauni 3,290 hadi pauni 9,000 kwa mwaka, maelfu wakaingia barabarani. Tarehe 10 Novemba 2010 kundi miongoni mwao lilivamia jengo la Millbank, yalipokuwa makao makuu ya Wahafidhina, likavunja vioo na kupanda hadi paa. Mwezi uliofuata, siku ya kura bungeni, gari la Prince Charles lilishambuliwa katikati ya London. Ndiyo fujo ambayo jamaa yako anasema haikutokea. Ilisubiri hadi matokeo ya uchaguzi yawe na bei, ndipo ikatoka.

Scotland nayo ilikuwa na uchungu wake, ambao kwa maoni yangu ulikuwa mzito kuliko wote. Kati ya majimbo 59 ya Scotland, chama cha Cameron kilishinda moja. Moja tu, na ndiye akawa waziri mkuu wao. Mwaka mmoja baadaye SNP, chama kinachotaka Scotland ijitenge, kilichukua wingi wa viti katika bunge la Edinburgh, na Septemba 2014 ikapigwa kura ya kujitenga. Waliokataa walikuwa asilimia 55. Huwezi kusema ni uchaguzi wa 2010 peke yake uliofanya hivyo, ila uliongeza kuni.

Na Clegg? Alipata kura ya maoni aliyoiomba, Mei 2011, ya kubadilisha kidogo mfumo wa kuchagua wabunge. Karibu asilimia 68 walikataa. Wengi walipiga kura kumkomoa yeye kuliko kuujadili mfumo. Uchaguzi wa 2015 chama chake kilitoka viti 57 hadi 8.

Theresa May, waziri mkuu Mhafidhina, naye alipopoteza wingi wake Juni 2017, akabaki na viti 317 na kulazimika kuegemea wabunge kumi wa DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini, watu waliandamana tena Westminster na kusaini maombi kwa mamia ya maelfu kupinga mapatano yale. Hasira ilikuwa kwa nani ameshikana mkono na nani. Jimbo la Kensington walihesabu hadi Ijumaa usiku, Labour ikashinda kwa kura 20, na aliyeshindwa akakubali.

Dada yako hakutanii. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, mwenye miaka 18 au zaidi, anaruhusiwa kupiga kura hata kwenye uchaguzi wa wabunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda, maana Rwanda iliingia 2009. Mrundi na Mkongo hawamo. Raia wa Ufaransa aliyeishi London miaka ishirini haruhusiwi kuchagua mbunge, dada yako aliyefika kwa viza ya kazi anaruhusiwa. Wengi wa wenzetu walioko huko hawalijui hilo na wanaipoteza haki yao bure. Ajiandikishe kwenye mtandao wa serikali akiwa na namba yake ya bima ya taifa, na asisubiri dakika za mwisho, maana daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Tangu sheria ya 2022, lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha kituoni, na pasipoti ya Tanzania inakubalika. Akihama nyumba ajiandikishe upya kwa anwani mpya, na kituo aende kile kilichoandikwa kwenye kadi atakayotumiwa kwa posta.